Orodha ya Nyumba za Mtoni

Papa Venant ni jirani yetu, anaandika kwenye biro ya kartie, ofisi ya mtaa wetu. Si mvivu. Anafungua mlango saa moja na nusu, anafagia, anapanga kalamu, halafu anavuta karatasi ile ile: orodha ya nyumba kumi na nne za ukingoni mwa mto, zinazotakiwa kuhamishwa kabla ya mvua kubwa. Yetu ni ya tisa. Orodha ikifika biro kubwa ya mji ikiwa na kashe, muhuri wa kartie, tutapewa kiwanja kule juu. Bila kashe, hakuna atakayekuja.

Mke wake, Generose, aliniambia ilivyoanza. Mafuriko yale mengine, Venant aliandika orodha ya watu wa kupewa mahema, akasahau jina la mjane mmoja. Shefu wa kartie akamsimamisha mbele ya watu, akauliza ni mkono gani ulioandika, uinuliwe. Akauinua. Toka siku hiyo mkono ule unaandika vizuri mpaka mstari wa mwisho, kisha unaona kosa. Herufi imekaa vibaya, wino umetia doa. Anaanza upya.

Jumanne nilienda kwake biro na mtoto wangu Amahoro mgongoni. Milimani kulikuwa kweusi toka asubuhi, ingawa kwetu jua lilikuwa linawaka. Orodha ilikuwa imeisha, majina yote. Kashe ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa.

“Papa Venant, iko muzuri. Piga kashe, minye mwenyewe nitaipeleka.”

Aliangalia kashe, akaangalia mkono wake. Akanitania kwamba huyu mtoto atajua kuandika kabla yeye hajamaliza. Halafu akaacha kucheka.

“Mama Amahoro, nikipiga, haiko tena karatasi. Iko minye. Na kama kuna nyumba nimesahau?”

Nikamwambia zile ambazo hakuzisahau zinangoja. Akainamia karatasi. Alikuwa ameona kitu juu kabisa: tarehe ilikuwa ya jana. Akachukua karatasi nyingine, safi, akaandika namba moja.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mawe matatu tunayokanyaga tukienda kuteka maji. Asubuhi yote yalikuwa makavu. Niliporudi niliona moja tu. Maji yalikuwa mekundu, yanapitisha migomba mizima, na kwetu hata tone halijaanguka.

Nilifunga nguo za mtoto kwenye kitenge, nikatoka. Nilipopita tena dirishani pa biro, Papa Venant alikuwa amefika namba tisa. Alikuwa anaandika jina la mume wangu, polepole, kwa herufi nzuri sana.