Kuonja Chakula cha Ng'ombe

Ukame ule ulimwachia mama yangu ng'ombe mmoja tu hapo Kalama, na mbavu zake ungeziona ukiwa barabarani. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na wazo. Mavi ya ng'ombe, nilimweleza, bado yana nyuzi ambazo tumbo lilishindwa kuzisaga. Ukiyaosha, ukaziloweka nyuzi hizo katika soda kali ya kutengenezea sabuni, zinalainika, na ng'ombe anaweza kuzila akapata nguvu. Darasani jambo hili halikumtisha mtu. Nyumbani, nilipoona ndoo ya maji na soda ikifuka mvuke bila moto, nilirudi nyuma hatua kadhaa.

"Profesa," jirani akaita kutoka ng'ambo ya ua, "na sisi watu utatupikia lini?"

Kesho yake nilizisuuza nyuzi, lakini kwa ubahili, maana maji yetu yalichimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, yakaletwa na punda. Nilipobeba karai, mama alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi.

"Onja."

"Mwaitu, mama yangu, haya ni mavi."

"Anayeleta kibuyu ndiye huanza kunywa, mgeni ajue hakuna sumu. Au ng'ombe wangu si mtu? Onja."

Nikaonja. Ulimi uliteleza kama nimelamba kipande cha sabuni, kisha ukaanza kuwaka. Nikatema. Ng'ombe angemeza karai zima.

"Bado kuna soda," nikasema.

Mama aliingia jikoni, akatoka na mtungi wa maji ya kunywa, maji pekee tuliyokuwa nayo, akayamimina yote karaini. Nikazisuuza nyuzi upya, nikaonja tena. Mavi matupu. Sijawahi kushukuru ladha namna ile.

Nikazinyunyizia molasi, ile shira nyeusi ya miwa. Ng'ombe akala, akalala chini. Tukakaa juani tukimkodolea macho, tukisubiri acheue, kwa sababu asiyecheua tumbo lake limeharibika. Hata jirani aliacha mzaha, akashika miti ya ua kwa mikono miwili. Ng'ombe alipofumba macho nilijua nimemuua. Mama alikuwa akinong'ona sala. Sikuthubutu kusikiliza anamwombea nani.

Kisha donge la chakula likapanda shingoni mwa ng'ombe. Taya likasogea kando, polepole, likarudi.

Mama akainuka, akanisukumia mtungi mtupu kifuani.

"Nenda mtoni kabla jua halijazama. Na usinifie njiani, huyu kesho atataka kula."