Bendera ya Milia Minne

Damalie Namubiru hakuwa mtu wa kusubiri kupewa. Alikuja Stockholm mkimbizi kutoka Mengo, makao ya wafalme wa Buganda nchini Uganda, akashona mapazia jikoni kwake katika kitongoji cha Fittja mpaka wanawe wakazoea kutoa nyuzi kwenye mchuzi. Mwaka 1984 alitaka kitu kimoja tu: chumba cha nyuma cha ukumbi wa Wakatalani, wahamiaji kutoka Barcelona, Uhispania, kule Norsborg, aweke cherehani yake.

Mwenyekiti wao, mzee Oriol, msafisha ndege, alikuwa amempa sharti.

"Tushonee bendera kubwa ya sikukuu yetu ya Septemba. Ikipendeza, chumba ni chako kila Jumamosi."

"Rangi gani?"

"Nyekundu na njano."

Damalie akaenda mjini, akaziona rangi hizo zikipepea mbele ya duka la safari za Uhispania. Akazipima kwa macho, akarudi kushona. Asubuhi ya sikukuu akaikunjua ukumbini: nyekundu juu, njano katikati, nyekundu chini. Oriol akakunja uso kama aliyetafuna kwinini.

"Hii ni ya Madrid," akasema. "Yetu ina milia minne myekundu juu ya njano."

Ziada, rafiki wa Damalie kutoka Tanga aliyekuja na masufuria ya pilau, akacheka mpaka akaketi. Akasema kwa Kiswahili, mzee asielewe: "Shoga, wewe ukiambiwa Buganda na Uganda ni kitu kimoja, unamnunia mtu wiki nzima. Leo umewatenda wenzio yaleyale."

"Nipishe nifikiri, Ziada."

Akamgeukia mzee kwa Kiswidi. "Hebu nieleze. Mnasherehekea nini?"

"Siku Barcelona ilipoanguka, mwaka 1714. Mfalme wa Madrid akafuta serikali yetu."

"Mnacheza ngoma siku mliyoshindwa?"

"Ili aliyechukua ajue hatujasahau. Mwaka 1932 tukarudishiwa madaraka, vita vikatunyang'anya. Rais wetu akakimbilia uhamishoni, akakamatwa, akauawa; baadaye akachaguliwa mwingine hukohuko uhamishoni. Huyo ndiye aliyerudi mwaka 1977, dikteta alipokwisha kufa. Madrid ilitaka utulivu, sisi tukataka serikali yetu. Tukapatana."

Damalie akatikisa kichwa polepole. Kwao nako jeshi la serikali kuu lilivamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, mwaka 1966, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Hakuna aliyerudishiwa kitu bado. Lakini hakuja Norsborg kulia. Alikuwa amesikia neno moja lenye faida: Madrid ilitaka utulivu.

"Wageni wako wanafika saa ngapi?" akauliza.

"Mchana."

"Na fundi mwingine unaye?"

Oriol akatazama saa ya ukutani.

"Basi nitaibadilisha sasa hivi. Ila chumba nakitaka wiki nzima, na ufunguo wangu mwenyewe."

"Umekosea wewe, halafu unadai zaidi?"

"Biashara haigombi, mzee. Umenifundisha mwenyewe. Haki huombwa mkubwa akiwa na shida."

Mzee akamtazama, kisha mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko. "Chukua wiki nzima. Lakini swichi kuu ya umeme inabaki kwangu."

"Kwa nini?"

"Ndivyo Madrid walivyotufanyia. Ofisi walitupa, hazina wakabaki nayo."

"Tutaizungumza mwakani," Damalie akasema, akachukua mkasi.

Nyekundu mbili akazipasua zikawa nne. Njano moja ikawa tano. Ziada akashika ncha, cherehani aliyokuja nayo Damalie ikaunguruma. Wageni walipofika, milia minne ilikuwa imetanda ukutani, mshono mmoja umepinda kidogo karibu na kona. Hakuna aliyeuliza. Walikula pilau, wakapaka nyanya kwenye mkate kwa desturi ya Wakatalani, kisha wakashikana mikono duara, wakicheza kwa hatua ndogondogo.

"Ngoma gani hii ya kukanyaga mayai?" Ziada akanong'ona, naye tayari yumo duarani.

Damalie alicheza kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa mfukoni, umeshika ufunguo.