Leo bosi kavua viatu

Leo nimeviona vidole vya miguu vya bosi, na bado sijapona.

Wiki iliyopita alimpunguzia siku za kazi Bi Zuhura, msafishaji wetu wa ofisi. Eti kubana matumizi, aje Jumatatu tu. Sakafu je? Bosi akaamuru: "Viatu vyote mlangoni, kama msikitini!"

Sisi watu wa Amu, hapa Lamu, ni ndara tu, tukavua.

Leo Jumatatu, mkubwa wa bosi kaja kutoka Nairobi kukagua huo mpango. Bosi huyoo anaingia na viatu, na kashakanyaga mavi ya punda!

Bi Zuhura akaziba mlango kwa fagio. "Bwana, sheria ni yako."

Akavua. Vidole vitatu nje.

"Pole, Bwana. Kumbe hata soksi zimepunguziwa bajeti."

Nyinyi mngejizuia kucheka? Mimi nilijificha nyuma ya kabati, nikamkuta mgeni wa Nairobi kashatangulia.