Kengele ya Katekista Wani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio, nikaudhika. Nilikuwa nimerudi Juba kutoka ukimbizini Uganda na cheti changu cha utunzaji wa nyaraka, sketi imepigwa pasi, halafu ofisi yenyewe naikuta ni hema. Humo ndani karatasi za serikali tangu enzi za Waingereza zilikuwa zimelundikwa hadi kiunoni, na mchwa wameshajenga. Nilivuta faili moja, likaja jalada tupu. Katikati mlikuwa na udongo. Nikapiga ukelele.

Mkurugenzi wetu, mzee mrefu aliyesema polepole kana kwamba kila neno lake litatunzwa, hakushtuka nami. "Fagia sakafu, Mama Poni," aliniambia. "Vitu usiviguse. Kitu kikija na vumbi lake, kitakaa na vumbi lake."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake, na kwa kweli ndiyo sheria ya kazi yetu. Sisi watunza nyaraka tunaiita kuheshimu asili: kitu kibaki kama kilivyotoka mikononi mwa wenyewe, kwa mpangilio wao, hata kwa uchafu wao, kwa sababu udongo nao hueleza kilikotoka. Mkurugenzi aliishika sheria hiyo kama watu wengine wanavyoshika rozari. Nami nilijifunza kwake kukausha waraka uliolowa kwa kuulaza kati ya karatasi za kunyonya maji, kivulini, si juani. Nilijifunza kuwa na subira, jambo ambalo marehemu mume wangu alikuwa ameshindwa kunifunza.

Tulipohama hema na kuingia kwenye nyumba ya matofali, nilipandishwa cheo nikawa mkuu wa ghala la vifaa. Watu walikuwa wamesikia kwamba tunapokea vitu vya vita, basi wakatuletea: sufuria iliyotobolewa na risasi, redio ya askari, ndala za tairi zilizotembea hadi Ethiopia na kurudi. Kila kitu kilikuja na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuja na hadithi.

Katekista Wani alikuja kutoka Gumbo, nyuma ya pikapu, amekalia kengele yake. Kengele yenyewe lilikuwa bomu la ndege, chuma kizito kama pipa dogo, ncha yake imefunikwa na donge la udongo lililokauka kama tofali. Alitueleza kwamba wakati wa vita lilidondoka kwenye shamba la muhogo, likazama nusu, likanyamaza. Watu wakalihesabu maiti. Wakalitundika kwa mnyororo nje ya kanisa, juani, naye akawa analigonga kwa kipande cha springi ya lori kuita waumini. Walipokimbilia Uganda walilizika; waliporudi walilifukua.

"Mimi naomba kitu moja tu," alisema. "Kanisa sasa iko na kengele ya duka. Hii yangu musiinyamazishe. Watoto wakuje, waisikie."

Mkurugenzi alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Tulikuwa tunaandaa maonyesho, na palepale akaamua: siku ya ufunguzi, Ijumaa, watoto wa shule watalizunguka bomu lile na Katekista atalipiga mwenyewe. Niliuliza kama tulioshe kidogo, angalau lile donge la mbele. "Ukigusa udongo huo," alisema, "umegusa historia." Nikaliacha. Likakaa ghalani kando ya meza yangu, baridi asubuhi na mapema, na mara nyingi niliweka chai yangu juu yake. Hadi leo nakikumbuka kikombe kile.

Siku chache kabla ya ufunguzi akaja kijana Mkenya, mteguaji wa mabomu, kutuazimisha kwa ajili ya maonyesho mabomu ya ardhini yaliyokwisha kutolewa baruti. Nikamtembeza; Mkurugenzi alikuwa chumba cha pili akiandika. Tulipofika kwenye kengele nikaigonga kwa funguo zangu asikie ule mlio wake mzito, ambao sote tuliusifu kuwa hauna mfano.

Aliacha kutabasamu. "Mama, usiiguse tena. Nani alisema hii ni kengele?"

"Ni ya kanisa. Imepigwa miaka na miaka."

Alipiga magoti, akamulika lile donge la udongo kwa tochi bila kuligusa. 

"Ganda tupu ukiligonga linaimba," alisema. "Hili haliimbi, limejaa. Na hapa ndani ya udongo kiwashio cha kulilipua bado kiko. Sasa tunatoka nje wote, polepole. Mkurugenzi mwambie aache hiyo kalamu, aje."

Tulisimama barabarani kama watu waliofukuzwa nyumba. Mkurugenzi alishika miwani mkononi. "Ijumaa," alisema. "Ijumaa watoto wangekuwa pale." Akalisema tena na tena, mpaka nikamshika mkono. Mzee yule alikuwa ameheshimu asili maisha yake yote, na sheria ilikuwa nzuri, na ingetuua.

Nilitumwa mimi kwenda Gumbo kumwambia Katekista. Alinisikiliza amesimama.

"Malesh, Mama, samahani, wewe imekosea. Hiyo bomu ilikufa kitambo."

"Haikufa, Katekista. Amesema iko nzima."

Akatafuta kiti, akakaa. "Keji alikuwa anaikumbatia," alisema. Keji ni binti yake, siku hizi ana duka mtaa wa New Site. "Nikipiga, inazunguka kwa mnyororo. Basi yeye anaikumbatia na mikono mbili, anaweka sikio yake ya kushoto pale, mimi napiga. Mimi mwenyewe nilimwambia aishike."

Aliomba simu yangu, akanitajia namba, nikapiga mimi.

"Keji," alisema. "Umekula?" Akasikiliza. "Hapana, hakuna kitu. Mimi nauliza tu, sakit. Umekula?"

Nimestaafu sasa. Kabla sijaondoka tuliongeza neno kwenye sheria ya Mkurugenzi: chuma chochote cha vita kitazamwe na wateguaji nje ya geti, kiwe na udongo au kisiwe nao. Vijana niliowaachia ghala waliniuliza, siku ya kuniaga, kama nashukuru kwamba hakuna aliyeumia. Nashukuru sana. Lakini walidhani mshtuko ule umepita, na haujapita. Vitu vyenyewe sikuwahi kuviogopa. Naogopa namna tulivyovipenda.

Nikawasimulia siku ya kulilipua. Wateguaji walilipeleka mbali, upande wa barabara ya Nimule, nasi tukazuiwa ng'ambo ya bonde. Katekista alitaka kuwapo. Keji alimsindikiza, akimtania njia nzima kwamba baba yake analilia chuma chakavu kuliko alivyomlilia bibi. Kisha ardhi ikaruka chini ya viatu vyetu, moshi ukapanda, na mlio ukatufikia, ukatupita, ukaendelea kwenda.

 Mkono wa Keji ulipanda ukafunika sikio la kushoto, na haukushuka.

"Baba," alisema, "hiyo kitu ilikuwaga na joto. Mimi nilikuwa naipenda."