Mwenye Kaburi Dogo

Mzee niliyekuwa nikimuuguza nyumbani kwake hapa Arlington, huku ughaibuni, ametutoka. Bintiye alinipigia Jumanne nikielekea kazi ya pili, nikaegesha gari kando nikalia. Wasomaji wangu mnajua mimi si mtu wa kulialia. Kazi hii imenikausha macho. Huyu aliniliza kwa sababu nilimkosea, na sasa hayupo wa kuombwa radhi.

Uzeeni alikuwa akiwatafuta mababu zake, wafugaji wa kondoo na wakulima wa shayiri katika kijiji kimoja cha Uingereza. Meza ya kulia ilijaa nakala za vitabu vya ubatizo, chai tukainywea jikoni tumesimama. Nilimtania, “Mzee, na kondoo nao umeshawapata majina?” Alicheka hadi akakohoa. Kilichomkosesha raha ni kaburi dogo lililokuwa katikati ya makaburi ya ukoo wake, jiwe lisilo na jina. Siku moja akanionyesha jambo jingine: baba mmoja, mama mmoja, na binti wa jina lilelile kabatizwa mara mbili, kwa tofauti ya miaka minne. “Wewe waonaje?” Nami nimeshavaa koti, shifti ya kazi ya pili inaningoja mji wa jirani, Fort Worth. Nikamjibu, “Karani alikosea, mzee.” Akachukua kifutio, akamfuta yule wa kwanza kwenye orodha ya ukoo aliyoiandika kwa penseli, akapuliza vumbi la kifutio.

Jamani, mimi! Mimi wa Nyeri, ambako mtoto hupewa jina la babu au nyanya, na mtoto huyo akifa, anayemfuata hupewa lilelile ili mzee asikose wa kumrithi jina. Mimi mwenyewe ni wa pili. Kaka yangu aliitwa jina langu hili la baba yake mama kwa miezi saba, akazikwa kabla sijazaliwa. Nililikumbuka hilo nikiwa barabarani jioni ileile, nikajiambia nitamweleza wiki ijayo. Wiki iliyofuata akalazwa, na hakurudi nyumbani.

Siku ya mazishi orodha ya ukoo ilitundikwa ukumbini mwa kanisa, imechapishwa vizuri, binti wa jina lile mmoja tu. Nilimweleza bintiye kwamba yamkini yule wa kwanza alikufa, akawa ndiye wa lile kaburi dogo, na mdogo wake akarithi jina. Akasema, “Baba alikuwa akiuliza habari za lile kaburi hata kitandani. Angefurahi kweli.”

Sisi tunaoishi huku tumeifanya shifti kuwa kisingizio cha kila kitu. Neno la dakika mbili tunaliahirisha, na mwenye kulihitaji anaondoka bila kulisikia. Majuto ni mjukuu, najua, lakini safari hii sikutaka kuyangoja. Nilipotoka kanisani nilimpigia mama simu nikamuuliza kaka yangu alizikwa wapi. Sikuwa nimewahi kumuuliza maishani mwangu, nikidhani namhurumia.

“Nyuma ya zizi, penye mawe matatu,” alinijibu papo hapo. “Nimengoja miaka yote hii uniulize, baba.”