Jungu la Umeme la Jirani

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu hapa ughaibuni, Vällingby, binti wa fundi kofia, aliyeshona mapazia ya nusu ya jengo hili na kumtimua mwizi wa baiskeli kwa mwiko, ana jungu la umeme la kupashia chakula polepole. Kila sikukuu ya Kiyahudi huliwasha kabla jua halijazama, lina maji kidogo tu ili lisiungue, na dini yake haimruhusu kuigusa swichi tena mpaka sikukuu iishe. Kesho yake huyamwaga maji, hutia mchuzi wa nyama aliokwisha kuupika, hufuta kifuniko kwa aproni, kisha hukitegea sikio kama daktari juu ya kifua cha mgonjwa.

Mwaka mpya wao uliopita alinialika nami; wageni wengine walitoka sinagogi mapema, wana njaa, na mchuzi bado vuguvugu. Mkwewe akanong'ona, "Mama, tuongeze moto kidogo tu?"

"Jungu lina mwendo wake, mwanangu." Alicheka, lakini shingo ilikuwa imemwiva kwa haya, maana hajapata kumpa mgeni chakula cha baridi. Akanishika mkono. "Domina, mlipomwoza yule shangazi yako mkorofi, ilikuwaje?"

"Hee! Hiyo ni hadithi ndefu, dada."

"Ndiyo ninayoitaka." Akanisukuma hadi sebuleni, akanikalisha mbele ya wageni wote. "Anzia kwenye posa, na usimwoze mpaka nikuite mezani."