Uji Si Maji

Mama yangu anakausha dagaa kijijini Kagunga, kando ya ziwa, na sijawahi kumwona akiamriwa na mtu muda wa kula. Mwaka jana alikuja kwangu mjini, Katubuka, akilalamika kiu na ganzi miguuni. Daktari akamwandikia vipimo vya sukari na figo. Nikamwambia asile kitu mpaka tutoke kituo cha vipimo, naye akaitikia.

Asubuhi, dada wa maabara akamuuliza, "Mama, umekula chochote tangu jana usiku?"

"Sijala. Nimekunywa uji tu."

Dada hakucheka. "Uji ni chakula, mama. Nikikupima sasa, majibu yatakuwa ya uji. Njoo kesho. Maji matupu unaruhusiwa." Kisha akauliza, "Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hakuna," mama akasema. Mimi nilijua kuna chupa ya dawa ya mizizi kwenye mkoba wake, lakini nilinyamaza.

Nyumbani alinuna. "Nimepanda boti kutoka Kagunga nije kurudishwa kwa ajili ya kikombe cha uji?"

"Mama, mteja akitaka umfungie dagaa ambao hawajakauka, unamfungia?"

"Siwezi. Watamwozea njiani, na jina litakaloharibika ni langu."

"Na yule dada naye ana jina lake."

Kesho yake niliamka nikamkuta amekaa sebuleni, kanga amejifunga vizuri, karatasi ya daktari na majibu yake ya zamani kayatia kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa amekunywa maji tu.

Tulipofika kwenye dirisha la maabara aliitoa ile chupa mwenyewe, akaiweka mbele ya dada. "Mwanangu, jana nilikuficha. Nakunywa hii kwa ajili ya miguu."

"Asante kwa kuniambia," dada akasema, akaandika kwenye fomu. "Dawa nyingine za mizizi zinaweza kugeuza majibu. Daktari lazima ajue."

Mama alipotolewa damu hakugeuza uso. Aliuliza tu kama kile kichupa kimeandikwa jina lake. Dada akamsomea, majina yote matatu, mama akaitikia kwa kichwa kama anayekagua mzigo wake bandarini.

Tulipokaa kusubiri, mama mmoja mwenyeji wa Burundi pale kwenye benchi alifungua chupa ya chai. Mama yangu akamsemesha kwa Kiha, yule akajibu kwa Kirundi, wakaelewana.

"Umeuliza kama kipimo chako kinataka njaa?" mama akamwambia. "Si vyote vinataka. Nenda kaulize kwanza."

Yule mama akaenda dirishani, akarudi, akaifunga chupa yake. Akamshika mama mkono. Nilitazama pembeni, maana machozi yalinilengalenga. Mwanamke aliyerudishwa jana, leo alikuwa anawaongoza wenzake.

Majibu yalitoka mchana. Sikumruhusu jirani yeyote ayasome na kutukisia. Tulimpelekea daktari yakiwa vilevile, kwenye bahasha yake. Figo zilikuwa nzima, sukari ilikuwa juu. Mama akaanza dawa, na ile ya mizizi daktari akamwomba aiache.

Sasa wanawake wa Kagunga wanaoandikiwa vipimo mjini hupita kwake kabla ya kupanda boti. Juzi alinipigia simu. "Kuna mwenzangu anakuja, mpokee. Karatasi zake zote anazo, na dawa zake nimemwambia azibebe. Cha kuuliza ataniuliza mimi."

Mimi ndiye niliyesoma, lakini kwa hilo simfikii.